Maswali Yenu ya Studio: Nikifungua projekti mpya akili inaganda

SWALI: Shikamoo kaka. Mi ni kijana wa Morogoro, niko chuo mwaka wa mwisho, nna laptopu yenye RAM ya GB 4 na FL Studio (programu ya kupigia biti) ya majaribio, nimeanza kupiga biti kama miezi sita ivi. Tatizo langu ni kuanza. Nikiwa njiani au nimejilaza mawazo yanakuja kibao, nikisema sasa ngoja nikae nifungue projekti mpya, hapo hapo akili inaganda. Naanza kutafuta kiki (ile ngoma nzito ya chini), natoka folda hii naingia ile mana washkaji wamenipa paki za sauti kama GB 30, nasikiliza weee mpaka saa mbili zinaisha hata baa nane za mdundo sina. Nikibahatika kupata kitu nakirudia mpaka nakichukia, nafuta. Halafu nikisikiliza ngoma za maprodyuza wakubwa kina S2Kizzy ndo nachoka kabisa naona kipaji sina. Hii kitu inatibika au nitafute kazi nyingine?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na usiache, nakwambia kwa moyo wote kabisa. Hebu soma tena barua yako mwenyewe, umesema ukiwa njiani mawazo yanakuja kibao, sasa mtu asiye na kipaji hayo mawazo angeyatoa wapi? Muziki unao tayari. Kinachokukwamisha ni ile safari ya kuutoa kichwani kuuingiza kwenye mashine, na katikati ya hiyo safari umepanga GB 30 za kiki na sneya (ile ngoma kali inayoitikia kiki).

Angalia unachojiuliza ukifungua projekti mpya: tempo (spidi) ngapi, ki (noti ya msingi ya wimbo) ipi, kiki ipi, nianze na besi au kinanda, iwe amapiano au bongo fleva, plagini (programu ndogo ya sauti ndani ya FL) ipi, na yote hayo unataka uyajibu kabla hujaweka hata noti moja, tena kila ukijibu unajihukumu hapo hapo. Hakuna kichwa kinachoweza kufanya kazi hivo. Ni sawa na kushuka Kariakoo hela unayo mfukoni ila hujui umefuata nini, utazunguka mpaka maduka yanafungwa na utarudi mikono mitupu.

Na kuwa na vitu vichache haijawahi kuzuia muziki mzuri, mi naona ndo inausaidia. Mchiriku wa Dar miaka ya 90 ulipigwa na vijana wa uswahilini kwa kinanda kidogo cha Casio, ngoma na spika za honi, basi, na kundi la Jagwa Music likafika mpaka majukwaa ya Ulaya na muziki huo huo. Wakaja vijana wa singeli, hawa walichukua vipande vya ala za taarabu wakavikata, wakavizungusha, wakavikimbiza mpaka BPM 200 (mapigo 200 kwa dakika) na kupanda, wengine wanagusa 300, na baadhi yao walitumia Virtual DJ ambayo ni programu ya madijei, haikutengenezwa kupigia biti kabisa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa ngoma za studio ya Sisso na dunia ikaanza kuuliza hiki kitu kimetoka wapi. Kule New York nako, mashine ya E-mu SP-1200 iliyotoka 1987 ilikuwa inabeba sampuli (vipande vya sauti vilivyorekodiwa) za sekunde 10 tu kwa jumla, kwahiyo maprodyuza wakawa wanaicheza santuri ya spidi 33 kwa spidi 45 ili kipande kiwe kifupi kiingie, halafu ndani ya mashine wanakishusha tena, na ule mkwaruzo uliotokea hapo ndo watu wanautafuta mpaka leo kwa plagini za kununua. Sekunde 10! We una GB 30 na umeganda. Silaumu, nataka tu uone tatizo liko upande gani.

Sasa tufanye hivi. Siku ya kutafuta sauti iwe siku yake na siku ya kupiga biti iwe siku yake, usizichanganye hata kidogo mana ni kazi mbili tofauti, moja ni ya kuchagua na nyingine ni ya kucheza. Jumapili kaa usikilize, toa kiki tatu, sneya au kilapu (makofi) tatu, haiheti (zile sahani ndogo za cha-cha) mbili, kayamba moja, besi moja, kinanda kimoja na sauti moja ya ajabu unayoipenda tu bila sababu. Weka kwenye folda iite jina lako. Hizo nyingine zote zihamishie kwenye flashi au hard disk ya nje na uichomoe kabisa, mana zikibaki kwenye mashine utazifungua, najua utazifungua. Jumatatu ukikaa kupiga una folda moja tu na humo ndani hutafuti, unachukua. Folda hiyo ikae mwezi mzima ndo ubadilishe.

Na kwa RAM ya GB 4 kuna faida nyingine hapo. Plagini nzito zinaifanya laptopu inakwama kila ukigusa kitu, na mashine ikikwama na wazo linakwama nalo, mtu anadhani ni akili kumbe ni kompyuta imelemewa. Sauti fupi za WAV (faili la sauti la kawaida) ni nyepesi, na ndani ya FL yenyewe kuna plagini za kutengeneza sauti, kuna 3x Osc na kuna DX10, hiyo DX10 ndo ile maprodyuza wa Afrika Kusini waliyoitumia kutoa log drum (ile besi inayogonga) ya amapiano, ni plagini ya zamani na nyepesi sana, unayo tayari na hulipii kitu zaidi.

La pili, na hili mi naliamini kuliko yote: usianzie kwenye kompyuta. Umesema wazo linakuja ukiwa njiani, basi lirekodi hapo hapo njiani. Toa simu, fungua kinasa sauti, imba kwa mdomo, dum ta-ka dum ta, halafu melodi juu yake hata kama sauti yako sio nzuri, watu kwenye daladala watakuangalia, waache waangalie. Ukifika nyumbani hamishia hiyo rekodi kwenye FL, iweke kwenye pleilisti (dirisha la kupangia wimbo mzima), kisha bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya namba ya tempo uchague Tap, ugonge ukifuata mdomo wako mwenyewe mpaka programu ikwambie ni BPM ngapi. Tempo umeshaipata na hukuichagua, umeikuta. Mdomo uliposema dum weka kiki, uliposema ta weka sneya, melodi itafute kwa kidole noti moja moja. Unaona? Hapo hubuni chochote, unaandika tu ulichokwisha kukisema, na kuandika ni rahisi mara mia kuliko kubuni huku unajihukumu. Ukimaliza ifute ile rekodi ya mdomo, au iache kama imekaa vizuri, kuna watu wameacha.

Na hiyo hiyo simu irekodi vitu vingine. Konda anavyogonga bodi ya gari kumwambia dereva twende, kile kishindo ukikikata vizuri ni kilapu ambacho hakuna mtu mwingine duniani anacho. Kijiko na glasi, mlango wa geti, mama anapotwanga. Sauti ukiitoa mwenyewe unakuwa na hamu ya kuitumia, hiyo hamu paki ya kupewa haikupi.

Kuna siku lakini hata mdomo hauna kitu, hilo nalo lipo na ni kawaida. Siku hiyo usisubiri, anza na mdundo ambao watu wengi wanautumia. Tempo weka 98 ivi, kwenye yale maboksi 16 ya kupangia mdundo weka kiki namba 1, 5, 9 na 13, halafu sneya kavu namba 4, 7, 12 na 15. Huo ni mdundo wa dancehall na reggaeton, unakuta ndugu zake kwenye afrobeats na bongo fleva, kwahiyo jisikie huru kuanzia hapo. Uzungushe kidogo, halafu badilisha kitu kimoja tu, mfano toa kiki ya 13 uipeleke 11, sikiliza. Badilisha kingine. Ukifika badiliko la nne au la tano utashangaa sio ule mdundo tena, na hukuanza na ukurasa mweupe. Au kama umekulia karibu na ngoma za harusi za pwani, punguza urefu wa patani ziwe boksi 12 badala ya 16, kiki weka 1 na 7, kayamba weka 1, 3, 5, 7, 9 na 11, hapo ile sita kwa nane ya chakacha inaanza kujitokeza, na kwa kuwa vidole vyako vimezoea 16 tu, kichwa kinaamka chenyewe kwa sababu mazoea hayana pa kushika.

Sasa kuhusu kukirudia kitu mpaka unakichukia, hapa nataka tupige hesabu maana hesabu yake inaniudhi kila nikiifikiria jinsi inavyowaonea vijana. Lupu (kipande kinachojirudia) ya baa nne kwenye tempo 100 inachukua sekunde 9.6. Ukiiacha inazunguka saa nzima umeisikia mara 375. Mara mia tatu sabini na tano! Niambie ngoma gani unayoipenda sana hapa duniani ukilazimishwa kuisikia mara 375 mfululizo hutaichukia? Kwahiyo ukifuta hufuti kwa sababu ni mbaya, unafuta kwa sababu sikio limeshiba. Dawa yake ni stop. Bonyeza stop unapopanga noti, sikiliza ukishamaliza kupanga, halafu stop tena. Na mapema sana, hata kama una kiki na besi tu, toka kwenye lupu uende kwenye pleilisti uitandaze, baa nane bila kiki, baa nane na kiki, baa nane toa besi, yani ianze kuwa na safari, kwa sababu lupu haikuambii inataka nini, ila ukiitandaza unasikia wapi pana njaa na unajua cha kuongeza.

Jipe nusu saa kwa mchoro mmoja. Ndani ya hiyo nusu saa hakuna EQ, hakuna kompresa (vifaa vya kurekebisha sauti), hakuna kutafuta sneya bora, hakuna kusikiliza ngoma ya mtu. Nusu saa ikiisha toa (export) faili la sauti, lipe jina lenye tempo na ki na siku, mfano 98-Am-jumatatu, funga. Hukumu itatolewa kesho yake sikio likiwa limepumzika. Usifute kitu siku ile ile, hii iwe sheria ya nyumba yako.

Na hapa lazima nikwambie kitu kuhusu hiyo FL ya majaribio kama hujagundua: inakuruhusu kuseivu projekti lakini ukishaifunga haikuruhusu kuifungua tena mpaka ununue. Wengi hii inawatia hofu, wanaacha mashine inawaka usiku kucha. Njia ni kutoa WAV kabla hujafunga, na usitoe moja tu, kwenye kutoa kuna sehemu ya kugawa kwa treki za miksa, iwashe, ila hakikisha kila sauti umeipeleka kwenye treki yake, basi unapata kiki peke yake, besi peke yake, kinanda peke yake. Kesho unaziingiza kwenye projekti mpya unaendelea. Zile ulizoseivu nazo hazipotei, siku ukinunua zitafunguka zote, na ukishanunua mara moja masasisho ni bure maisha yako yote. Lakini kwa sasa nakuomba uione hiyo kufuli kama inakulazimisha uamue leo, mtu wa tatizo lako anahitaji kulazimishwa kuamua.

La mwisho kwako, hao kina S2Kizzy. Unachokisikia pale kimepita kwa mwimbaji, kimepangwa, kimemiksiwa, kimepigwa masta (kung'arishwa na kukuzwa sauti mwishoni), na unakipambanisha na mchoro wako wa dakika ishirini wenye kiki na kinanda. Tena kuna jambo la sikio hapo: ngoma iliyopigwa masta ina sauti kubwa kuliko yako, na sikio la binadamu likisikia viwili, chenye sauti kubwa zaidi kidogo hukiona ndo bora, hata kama ni kitu kile kile. Kwahiyo ukitaka kulinganisha ishushe ile ngoma mpaka ilingane na yako, halafu usiulize nani bora, hesabu tu: intro baa ngapi, kiki inaingia wapi, kabla ya kiitikio kimeondolewa nini. Andika kwenye karatasi. Kesho chukua mpangilio huo huo wa baa uujaze sauti zako, tayari una ramani na hukuiba kitu chochote.

Na lala usingizi mdogo wangu, mwaka wa mwisho chuo najua mitihani iko shingoni, kuna kuganda kwingine ni uchovu tu na hakuna plagini yake.

SWALI: Assalam aleikum kaka. Mimi ni msichana wa Likoni, Mombasa, laptopu sina, simu tu ndiyo nnayo na natumia programu ya BandLab. Mimi sikosi wazo, nakosa raha, kwa sababu kila nikianza biti huwa naiga wimbo niliousikia, basi katikati naona haya naacha. Je, kuiga ni wizi? Na mbona nikigonga zile pedi za ngoma kwa kidole mdundo hunitoka nyuma hata nikijitahidi vipi?

JIBU: Waaleikum salam dadangu. Nianze na la mwisho maana ni dogo na linakutesa bure: nadhani unatumia spika za masikioni za Bluetooth. Bluetooth inachelewesha sauti, kidole kinagonga sasa hivi sauti inakuja baadaye kidogo, sikio linajaribu kusahihisha na mkono unapotea. Nunua zile za waya za bei ya chini kabisa uone tofauti siku hiyo hiyo. Kama simu yako haina tundu lake tafuta kiunganishi cha USB-C. Na ukiwa na spika ndogo za masikioni besi ya chini sana huisikii vizuri, basi unaipandisha na kuipandisha mpaka inaharibu kila kitu, we iongezee tu nakala yake oktavu moja juu (noti ile ile lakini ya juu zaidi) kwa sauti ndogo, hapo hata kwenye simu ya mtu mwingine itasikika.

Kuhusu kuiga. Kuiga ukiwa unajifunza sio wizi dadangu na usione haya hata chembe, muziki wa pwani yote umepita hivyo, kijana anakaa nyuma ya mpiga ngoma mkubwa anamfuata mkono mpaka wake unajua. Mdundo wenyewe, namna ya kupanga, aina ya kinanda, tempo, hivyo kwa kawaida havina mwenyewe. Chenye mwenyewe ni melodi na maneno ya wimbo, na kingine ni rekodi yenyewe, ile sauti iliyorekodiwa. Hizo ni haki mbili tofauti na mara nyingi wenye nazo ni watu tofauti, kwahiyo ukikata kipande cha wimbo wa mtu ukakitia kwenye biti unayotaka kuitoa unahitaji ruhusa ya pande zote mbili, Kenya mambo ya hakimiliki yako chini ya KECOBO na huku Tanzania ni COSOTA. Lupu za ndani ya BandLab ni sawa kutumia, ziko kwa kazi hiyo, ila soma masharti yao usiende kichwa kichwa.

Sasa badala ya kuacha katikati, iga mpaka mwisho. Piga nakala kamili kadiri unavyoweza, kisha ondoa kitu kimoja kile kinachoutambulisha wimbo ule, kwa kawaida ni melodi. Mdundo ubaki, weka melodi yako. Kesho yake melodi ibaki, badilisha mdundo, tempo ishushe ishirini. Hapo wimbo wa mtu umeshatoka wote kwa mlango wa nyuma na aliyebaki ndani ni wewe. Na haya yako nakuomba uitoe kabisa, wasichana wanaopiga biti pwani hii ni wachache kuliko inavyotakiwa, na unasema mawazo hukosi, tunakuhitaji.

SWALI: Kaka mi wa Mwanza, swali fupi tu. Sijui kinanda wala nadharia ya muziki, ngoma zangu naweka vizuri ila ikifika melodi nakwama palepale kila siku. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia vitufe vyeupe tu, vyeusi visahau kwa sasa. Noti tano: A, C, D, E, G. Hizo ukizichanganya vyovyote vile huwezi kutoa kitu kibaya, jaribu, hata ukigonga umefumba macho. Piga melodi yenye noti tatu tu kati ya hizo na uache nafasi katikati, wanaoanza wanajaza sana, pumzi ya melodi ndo inayofanya mtu aikumbuke.

Chini yake weka kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) nne, baa moja moja: A-C-E, kisha F-A-C, kisha C-E-G, kisha G-B-D. Kama una FL Studio ndani ya piano roll (dirisha la kuandikia noti) kuna stempu, unachagua aina ya kodi unabonyeza mara moja inajiweka yenyewe, na kuna sehemu ya kuwasha skeli (kundi la noti za ki moja) ili noti za nje ya ki uzione. Besi icheze noti ya kwanza ya kila kodi. Ukizoea kwa wiki moja mbili, igeuze, anza na F badala ya A, mpangilio ule ule lakini hisia inakuwa nyingine kabisa, ya kwanza ina huzuni kidogo hii inafunguka. Ukishafika hapo niandikie tena nikutajie cheusi cha kwanza cha kuongeza.